Kabla ya Kupokea Kompyuta za Msaada, Tuulize Kadi ya Waifai



Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft. Hapa seminarini siku hiyo ilipita kama siku nyingine, lakini matokeo yake yatatufikia, na kwa wengine yameshafika. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane na kuendelea. Kompyuta mpakato ya mwaka 2015 yenye kioo safi na kibodi kamili haikidhi masharti hayo. Ofisi na shule za Ulaya na Marekani zinaziondoa mashine za namna hiyo, na baadhi zinapata njia ya kuja kwetu: kupitia parokia rafiki, kupitia mmisionari anayerudi kutoka likizo, kupitia mapadre wetu walioko masomoni.

Tunazipokea kwa shukrani. Maoni yetu katika makala hii ni mafupi kuyasema na marefu kuyaeleza: mashine hizi ziwekewe Linux, na kabla hazijafungwa kwenye maboksi mtu aulize zina kadi gani ya waifai. Watu huuliza ukubwa wa RAM, ukubwa wa diski na hali ya betri. Kadi ya waifai ni kipande kidogo kuliko kiberiti, hakuna anayekiuliza, na mara nyingi ndicho kinachoamua kama mashine itatumika au itakaa kabatini.

Kwa wasomaji ambao jina hili ni geni: Linux ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine, kama Windows ilivyo. Kiini chake, kerneli, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na tangu 1992 kimetolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukisoma, kukibadilisha na kukigawa. Mifumo kamili iliyojengwa juu ya kiini hicho ni mingi: Debian, Linux Mint, Fedora, na Ubuntu iliyoanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo la mwisho sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji mkalimani kulielewa. Ni utu.

Tuseme pia jambo ambalo katika parokia zetu linajulikana na halitajwi. Si ajabu kukuta kompyuta inayochapa ratiba za misa, vyeti vya ubatizo na taarifa za michango inatumia Windows ambayo haikununuliwa. Kijana wa dukani ameiweka kwa shilingi elfu chache, pamoja na kiprogramu cha kuvunja kufuli, na Baba Paroko hajui, au hajauliza. Amri ya saba haikuandikiwa mbuzi na kuku peke yake. Wapo wanaojibu kwamba kampuni yenye mabilioni haiumizwi na ofisi ya kigango. Hoja hiyo tumeijadili kwenye kipindi cha maadili na haikusimama vizuri, hasa pale ambapo mbadala halali na wa bure upo. Ukiacha dhambi, kuna hasara ya kawaida kabisa: viprogramu vya kuvunja kufuli ni njia maarufu ya virusi kuingia, na kompyuta yenye daftari la ubatizo la miaka arobaini si mahali pa kuvikaribisha.

Basi mbadala ni Linux. Na hapa ndipo penye mwiba. Mtu mwenye nia njema anaiweka, mashine inawaka haraka kuliko zamani, LibreOffice inafungua barua zake, printa inachapa. Kisha anatafuta alama ya waifai pembeni mwa kioo na haipo. Anaambiwa apakue draiva kutoka kwenye intaneti, na intaneti ndiyo aliyoikosa. Mganga hajigangi. Baada ya siku mbili anarudi kwa yule kijana wa dukani, na tangu hapo kila atakayemtajia Linux atajibiwa kwamba alishaijaribu na haifai. Tumeona hivyo katika parokia mbili ambako baadhi yetu tulikuwa likizoni, na katika zote mbili kosa halikuwa la mfumo wala la paroko. Lilikuwa la kadi ambayo aliyeitengeneza hakutaka kueleza inavyofanya kazi.

Ili jambo hili lieleweke, tufikirie mmisionari aliyefika kijijini bila kujua lugha ya wenyeji. Anahubiri, katekista anatafsiri. Draiva ni huyo katekista: programu inayotafsiri kati ya mfumo endeshi na kifaa. Kwenye Windows mtengenezaji wa kadi humtuma katekista wake mwenyewe, aliyefundishwa kiwandani. Kwenye Linux katekista huyo ama ameletwa na mtengenezaji akakabidhiwa kwa jumuiya, ama jumuiya imelazimika kumfundisha yenyewe kwa kusikiliza tu na kubahatisha maneno.

Kuna na jambo la pili. Kadi nyingi za waifai ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, na kila zinapoamshwa hazikumbuki kitu. Ni lazima draiva iwape kwanza faili la maagizo yao ya ndani, ambalo kwa Kiswahili huitwa programu dhibiti. Faili hilo hutolewa na mtengenezaji pekee, karibu kila mara bila msimbo wake chanzo. Kwa hiyo kadi inaweza kuwa na draiva nzuri, huria, iliyomo ndani ya kerneli tayari, na bado ikakaa kimya kwa kukosa faili moja lenye ukubwa wa picha ya simu. Mwanafalsafa atasema iko katika uwezekano bila kufikia tendo. Sisi darasani tumeshaufanyia mfano huu utani mwingi kuliko unavyostahili.

Historia ya kadi za Broadcom ndiyo inayofundisha zaidi. Katika miaka ya 2000 zilikuwa ndani ya kompyuta nyingi mno, zikiwemo za Apple, na kampuni haikutoa draiva huria wala maelezo ya kuandikia draiva. Watu wa kujitolea walifanya kazi ya kuchosha ya kuichunguza draiva ya kampuni hatua kwa hatua, wakaandika maelezo ya walichokiona, na wengine wakaandika draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo. Iliingia kwenye kerneli mwaka 2006, na warithi wake, b43, mwaka 2008. Lakini programu dhibiti ilibaki mali ya Broadcom na haikuruhusiwa kugawanywa, kwa hiyo mtumiaji aliambiwa aichukue draiva ya kampuni na kuikata kwa kiprogramu maalumu ili atoe lile faili ndani yake. Wengine walitumia ndiswrapper, ujanja wa kuifanya Linux iendeshe draiva ya Windows. Ilifanya kazi, nusu nusu. Septemba 2010 Broadcom ilitoa draiva huria kwa baadhi ya kadi zake mpya, na hatua hiyo ilistahili pongezi zilizotolewa. Hata hivyo baadhi ya kadi, kwa mfano BCM4360 iliyomo katika MacBook kadhaa za miaka ya katikati ya 2010, bado zinategemea draiva iliyofungwa inayoongezwa kutoka nje. Anayetuletea MacBook ya namna hiyo ametuletea zawadi yenye deni ndani yake.

Upande mwingine wapo Atheros. Mwaka 2008 walitoa wenyewe ath9k, draiva huria kwa kadi zao za wakati huo, na kadi hizo za ndani hazihitaji hata faili la programu dhibiti. Miaka mitano baadaye ikatolewa pia, kwa leseni huria, programu dhibiti ya ndugu zao wa USB wenye chipu ya AR9271. Intel wako katikati: draiva yao iko ndani ya kerneli na wanaitunza wenyewe, programu dhibiti yao imefungwa lakini inaruhusiwa kugawanywa na mifumo yote, na kwa mtu wa kawaida hilo latosha. Ukikuta kadi ya Intel ndani ya mashine ya msaada, lala usingizi.

Watengenezaji wana utetezi, na tusiupuuze. Waifai ni redio, na redio ina sheria. Chaneli ya 12 na ya 13 zinaruhusiwa katika nchi nyingi lakini kwa kawaida hazitumiki Marekani, na nguvu ya mawimbi ina kikomo kilichowekwa na mamlaka za mawasiliano. Kampuni inaogopa kwamba msimbo ukiwa wazi, mtu atauharibu na kampuni itatozwa faini. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini mfano wa ath9k unaonyesha kwamba draiva inaweza kuwa wazi na bado ikaheshimu masharti ya redio. Kinachobaki baada ya kuondoa hoja ya sheria ni biashara, na hapo tunauliza kwa heshima: aliyekwisha kununua kadi amenunua nini?

Swali hilo ni la zamani kuliko waifai. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amesimulia mara nyingi habari ya printa ambayo Xerox iliitoa kama zawadi kwa maabara ya MIT alikofanya kazi. Karatasi zilikuwa zikikwama. Alitaka kuongeza maagizo machache ili printa iwaarifu watu waliokuwa wakisubiri, na alinyimwa msimbo chanzo. Tunavutiwa na habari hiyo kwa sababu moja: ilikuwa zawadi. Mpokeaji wa zawadi anaona haya kulalamika, na wengi wetu tumelelewa hivyo, kwamba farasi wa bure hatazamwi meno. Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapozungumzia mali, anatofautisha haki ya kuitunza na kuigawa, ambayo mtu anaweza kuwa nayo peke yake, na matumizi yake, ambayo hayapaswi kuwapa kisogo wenye shida. Hakuiwazia kadi ya waifai. Hata hivyo tofauti hiyo inatusaidia: kampuni inaweza kubaki mmiliki wa usanifu wake na bado isiwe na haki ya kukifanya kifaa kilichokwisha kununuliwa kiwe takataka mikononi mwa maskini.

Miongoni mwetu kuna mgawanyiko, na hatutauficha. Frateri mmoja wa mwaka wa tatu anashikilia kwamba programu dhibiti iliyofungwa isiguswe kabisa: ukikubali faili moja usilolijua linafanya nini, umeshavunja sababu ya kuacha Windows. Tunamheshimu, na yuko pamoja na watu makini. Taasisi ya Stallman, Free Software Foundation, inashikilia msimamo unaokaribia huo. Jumuiya ya Debian, ambayo tangu 1997 ina mkataba wake wa kijamii unaotanguliza uhuru wa programu, iliteseka na swali hilo hilo kwa miaka mingi. Flashi yao rasmi ya kusimika mfumo haikuwa na programu dhibiti zilizofungwa, na mtu mgeni alikwama kwenye waifai kabla hata hajaanza. Mwaka 2022 walipiga kura, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka ikiwa na faili hizo ndani, zikiwa zimetengwa katika sehemu yake yenyewe na mtumiaji akielezwa wazi kwamba zipo.

Sisi wengine tunaona Debian walifanya sawa. Sababu yetu ya kwanza ni ya kifalsafa. Kadi ambayo programu yake imechomwa ndani kiwandani haina uhuru zaidi ya ile inayosubiri kupewa faili. Siri ni ile ile, imehamishiwa tu mahali ambapo hata kuisasisha hatuwezi. Sababu ya pili ni ya kichungaji. Katekista wa kigango aliyepewa kompyuta ili aandae mafundisho ya kipaimara hawezi kubebeshwa mzigo wa vita vya miaka arobaini kati ya wataalamu na viwanda. Apewe mashine inayounganika. Frateri wetu anajibu kwamba kwa njia hiyo viwanda havitabadilika kamwe, na kwa hilo hatuna jibu la kumnyamazisha, isipokuwa kwamba viwanda vinamsikia mnunuzi, na Kanisa, kupitia majimbo, shule na hospitali zake, ni mnunuzi mkubwa anaponunua vipya.

Tukiwa kwenye kununua: vile vidude vidogo vya waifai vya kuchomeka kwenye USB ndivyo vinavyouzwa kama dawa ya tatizo hili, na ni dawa ya kubahatisha. Jina lililoandikwa kwenye boksi halisemi kilichomo. Mfano unaojulikana sana ni TL-WN722N ya TP-Link. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya AR9271 ya Atheros, ile ambayo programu yake dhibiti imefunguliwa, na kila mwongozo ukaisifu. Toleo la pili na la tatu yakaja na chipu ya Realtek, kitu kingine kabisa, kwa jina lile lile na namba ya toleo imeandikwa kwa herufi ndogo. Anayesoma sifa za kwanza na kununua cha pili ameuziwa jina. Kwa baadhi ya chipu za Realtek draiva ilibidi ichukuliwe nje ya kerneli na kujengwa upya kila kerneli inaposasishwa. Siku ikishindwa kujengwa, waifai inatoweka asubuhi bila mtu kugusa kitu. Na kama kompyuta ina ulinzi wa kuwasha uitwao Secure Boot, draiva ya nje isiyotiwa sahihi inakataliwa kimya kimya. Hali imekuwa nzuri zaidi katika kerneli za miaka ya karibuni, lakini bado tusinunue kidude bila kujua chipu yake.

Kwa wanaotaka kuchukua hatua, kazi yenyewe si ngumu. Kabla ya kufuta chochote, tengenezeni flashi ya Linux Mint au Ubuntu, iwasheni kompyuta kwa flashi hiyo bila kusimika, na mwone kama mitandao ya waifai inaonekana. Dakika kumi. Isipoonekana, angalieni kwanza kama kuna kitufe cha pembeni cha kuzima redio, maana kompyuta za zamani zinacho na wengi wamehangaika siku nzima kwa ajili yake. Amri ya rfkill list itawaambia. Kisha lspci -nn itaonyesha kadi na namba ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 168c ni Atheros, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Kwa vidude vya USB ni lsusb, na 0bda ni Realtek. Kama draiva inahitaji kupakuliwa, chomekeni simu ya Android kwa waya wa USB na kuwasha ushirikishaji wa intaneti. Kwa kawaida Linux huitambua bila kuuliza, na mganga anapata wa kumganga.

Ikishindikana kabisa, kadi inaweza kubadilishwa. Skurubu chache, nyaya mbili za antena, na kadi ya Intel iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa. Tahadhari mbili tu. Baadhi ya kompyuta za zamani za HP na Lenovo zinakataa kadi isiyokuwa kwenye orodha yao. Na katika kadi mpya, AX200 inakubali mashine nyingi lakini AX201, inayofanana nayo kwa macho, inafanya kazi tu kwenye mashine za Intel zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kompyuta mpya sana nazo zina tabu yake: kadi ya AX210, kwa mfano, haikutambuliwa na kerneli za kabla ya 5.10. Ndiyo maana mashine ya miaka minane iliyopita mara nyingi ni rafiki wa Linux kuliko ya mwaka huu, na hilo ni habari njema kwa sisi tunaopokea za miaka minane iliyopita.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alikemea utamaduni wa kutupa, na tumezoea kulisoma hilo kama kemeo kwa nchi tajiri. Lakini mashine inayotumwa kwetu ikiwa na kadi isiyoweza kutumika imetupwa tu kwa njia ndefu zaidi, na nauli ya meli ikalipwa na michango ya waamini. Kuna shehena moja tunayoijua, iliyotumwa na wafadhili wenye moyo mwema kabisa, ambamo karibu nusu ya mashine zilikuwa na kadi za aina hiyo. Zinatumika sasa kwa waya katika chumba cha kompyuta, zimefungwa ukutani kama ng'ombe wa zizini. Kwa seminari yenye umeme na swichi ya mtandao hilo linavumilika. Kigango hakina swichi ya mtandao. Kina simu ya katekista na bando la wiki.

Kwa hiyo, katika barua za kuomba kompyuta ambazo Baba Gombera ameturuhusu kuziandaa kwa ajili ya vigango vya jirani, tumeongeza maneno haya baada ya salamu na kabla ya anwani: "Tafadhali, kabla ya kufunga mzigo, tutumieni picha ya jina na namba ya kadi ya waifai ya kila mashine. Kama ni ya Broadcom, tuandikieni kwanza. Msiitupe, tutatafuta kadi ya kubadilisha. Kama kuna kadi za Intel katika mashine mlizokwisha kuzichinja kwa vipuri, tuwekeeni kwenye bahasha."

Barua mbili zimeshajibiwa. Ya pili ilikuja na bahasha.